Daraja la Mzee Msabaha

Mji mzima ulitaka kumbeba mzee Msabaha, injinia aliyewajengea daraja. Jeneza lilikwenda mbio, likitoka bega hili kwenda lile, kila mtu akitafuta thawabu zake, hadi walipofika mtoni. Makaburi yalikuwa ng'ambo.

Haidari, mjukuu wake mkubwa, aliyekuwa amebeba mbele, akasimama.

"Mbona unasimama?" akauliza ami yake. "Maiti hacheleweshwi."

"Ami, tusiingie wote. Babu alikuwa akituvusha mmoja mmoja."

"Ule ulikuwa mchezo wake na nyie wajukuu. Twende."

Haidari naye aliamini hivyo miaka yote. Tangu babu astaafu, kila alipofika hapa alivua viatu, akatangulia peke yake polepole, kisha akageuka na kumwita mtoto mmoja, halafu mwingine. Wao walicheka sana. Sasa ndipo alipoukumbuka uso wa mzee. Haukuwahi kutabasamu kabla mtoto wa mwisho hajakanyaga ardhi.

"Ami, ngoja."

Lakini bega jingine lilishaingia chini ya jeneza, na la kwake likabaki tupu. Wanaume wakampita kushoto na kulia, wakiitikia La ilaha illa Llah kwa sauti moja, na nyayo zao zikifuata sauti.

Haidari akavua viatu, akaweka unyayo juu ya zege la daraja, akalisikia likitetemeka. Kisha akageuka haraka, akainua mikono yote miwili kuwazuia waliobaki nyuma. Jeneza lilikuwa limeshafika katikati.