Vitabu Jikoni kwa Rozália

Jalada ndilo lililokuwa gumu kushika moto. Rozália alilichana vipande, akavisukuma kwenye jiko la kuni, akasimama pale mpaka mgongo mtupu wa msichana wa kwenye picha ukajikunja na kuwa majivu. Kurasa za picha za katikati alikuwa amekwisha kuzitanguliza. Maandishi hakuyasoma hata mstari mmoja.

Kitabu chenyewe kilikuwa kumbukumbu za mwanamke aliyejiita Bianka, aliyecheza filamu za ngono kule Budapest. Kila kilipoletwa katika mji wao mdogo kando ya mto Tisza, Rozália alikwenda dukani kwa Hajnalka akazinunua nakala zote, akazifunika kwa kabichi kikapuni.

"Najua unawapelekea kina mama wa kanisani," Hajnalka alimtania. "Wao wanaona haya kuja wenyewe. Lakini mimi namfikiria mama mzazi wa huyu binti. Anawatazamaje watu usoni?"

Rozália alilipa akiwa ameinamisha kichwa. Alidhani akizimaliza nakala atakuwa amekizima kitabu. Hakujua biashara, maskini. Hajnalka alipoona rafu tupu aliagiza vingine, na kila mara vingi zaidi.

Kabla ya Pasaka mumewe Dezső alikwenda kuchukua kuni, akakuta nakala moja imefichwa chini yake. Hakuifungua, yeye ni mzee wa kanisa, na mzee wa kanisa hafungui kitabu cha namna hiyo. Lakini jalada alilitazama sana. Halafu akamfikiria Emese, binti yao wa pekee, aliyekuwa akifanya kazi Budapest, hotelini kwa maelezo yake, mwenye viatu vizuri kuliko mshahara wa hoteli.

"Ni yeye?" aliuliza.

Neno moja tu lingetosha. Rozália alikuwa nalo mdomoni, akalimeza. Akabaki kuitazama sakafu, na Dezső akajijibu mwenyewe.

Jioni ile alimpigia simu binti yake akamwambia Pasaka asikanyage nyumbani. Emese alilia, akauliza amekosa nini. Baba yake akamwambia kama kuigiza ni kazi yake, akawaigizie hukohuko wanaomlipa. Basi paja la nguruwe la sikukuu wakalila wawili tu. Jumatatu ya Pasaka vijana walipopita na manukato yao kuwanyunyizia wanawake, kama ilivyo ada, walikuta lango limefungwa. Emese alipompigia mama yake kwa siri, Rozália alimwambia avumilie, baba yake atapoa. Alipokata simu aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Mama gani huyu, alijiuliza, na jibu lake alilijua.

Mwezi wa sita, Wiki ya Vitabu, maonyesho ya kila mwaka, ilipokaribia, Hajnalka alikuja mwenyewe na sahani ya biskuti za jibini. Wachapishaji walikuwa wameona kwamba hakuna duka katika mkoa mzima lililouza kitabu kile kama lake, basi wanamleta Bianka mwenyewe aje atie sahihi. "Heri hii umeniletea wewe," alisema, akambusu mashavu yote mawili.

Rozália alimsihi mumewe wasiende. Alisingizia mgongo, alisingizia bustani. Dezső alikwisha kuvaa suti ya kanisani.

"Nitamtazama usoni mbele za watu," alisema. "Aone haya yeye, sisi tumeona za kutosha."

Foleni ilikuwa imefika mpaka kwa muuza nyama. Kina mama wa kanisani walikuwemo, kila mmoja akidai amekuja kumtafutia mjukuu kitabu cha hadithi. Dezső alipita kando ya wote, kofia mkononi, akafika mezani. Pale alimkuta bibi mmoja mnene, mwenye mvi na miwani ya kamba.

"Bianka mwenyewe yuko wapi?" alimuuliza Hajnalka.

"Si huyo umesimama mbele yake? Hiyo picha ya jalada ni ya zamani, wakati wanajeshi wa Kirusi ndio kwanza wanafunga mizigo yao kuondoka nchini, miaka thelathini na zaidi."

Dezső alishika ukingo wa meza. Machozi yalimtoka waziwazi, na hakuyafuta. "Rozi," alimwambia mkewe, "tumemwonea mtoto. Leo hii nampigia, nitamwomba radhi kwa magoti." Kisha akashusha sauti. "Lakini wewe ulikuwa unavinunua. Mbona ulininyamazia?"

Hakungoja jibu. Furaha ilikuwa imemjaa mno. Alichukua nakala moja, akaiweka mezani, akamvuta mkewe mbele kwa mkono. "Mtilie sahihi huyu," alimwambia yule bibi, akicheka na kulia. "Hakuna mtu aliyenunua kitabu chako kama mke wangu."

Bibi alivaa miwani yake, akamtazama Rozália. Akatazama tena. Uso wake mzima ukachangamka, akaweka kalamu chini na kuushika mkono wa Rozália kwa mikono yake yote miwili.

"Shoga yangu," alisema, "miaka yote hii nakutafuta. Haya, niambie niandike jina gani: hili la hapa kwenu, au lile ulilochezea filamu pamoja nami?"

Rozália alimwona Dezső akiacha kucheka.

"Andika yote mawili," alisema.