Kioo cha Mama Mkwe

Mume wangu, Baba Justa, alikuwa ameshainua nyundo nilipoona anapachika kioo kwenye dirisha la sebule, lile linalotazama barabara.

"Hicho ni cha chumba cha mama," nikamwambia.

"Mama haoni. Kioo cha nini?"

Mama yake mzazi! Dirisha lake lina gunia tu, na kila alfajiri ukungu unaingia mpaka blanketi linalowa. Kioo hicho nilikipandisha mwenyewe kutoka Same, nimekiviringishia khanga, kwa ajili ya kifua chake.

"Leo watu wa msaragambo wanapita hapa kwenda kulima shamba la ujamaa," akasema. "Waone nyumba imetengenezwa."

Nikamnyang'anya. Ukingo ukanichana kiganja, sikukiachia. Nikakipigilia chumbani kwa mama, na kwa ndani nikafunga ubao, baridi na mwizi wote wabaki nje.

Baragumu la msaragambo, kazi yetu ya pamoja, likalia. Watu walipotokea na majembe, nilikuwa juu ya kigoda, napigilia lile gunia bichi kwenye dirisha la sebule.

"Shuka! Watu wanatuona!"

Nikachukua msumari mwingine.