Tasnifu ya Kakakuona

Alikuwako Kakakuona mmoja, kichwa chake kigumu kuliko magamba yake. Alikuwa akisomea udaktari, si ule wa kutibu mafua, ule wa falsafa. Tasnifu yake iliuliza kama mchwa wapo kweli au tunawawaza tu, na aliapa hatagusa mchwa hata mmoja mpaka apate jibu. Mwaka wa saba ukamkuta amekonda, magamba yanamcheza mwilini kama gauni la kuazima.

Kila akipeleka kazi, mwalimu wake Bundi, asiyeridhika na kitu, alimwambia, "Rudia sura ya tatu."

Siku ya kuitetea tasnifu ikafika. Kakakuona akafungua sanduku, akakuta vumbi tupu na mchwa tele, wameshiba. Akalibeba hivyo hivyo mpaka kwa Bundi.

"Tasnifu iko wapi, mwanangu?"

"Imeliwa, mwalimu. Na mchwa."

"Mchwa gani tena? Si unasema hawajathibitika?"

Kakakuona akatazama sandukuni. Miaka saba ya njaa, na jibu linatambaa mbele ya pua yake. Akatoa ulimi, akalamba sanduku lote hadi pembeni, kisha akashusha pumzi kama aliyetua mtungi.

"Wapo," akasema. "Na utamu wao ni ule ule."

Bundi akakohoa. "Vizuri. Sasa kaliandike hilo, uanzie sura ya tatu."

"Sura ya tatu nimeshaimeza, mwalimu."

Akajifuta mdomo, akashika njia ya kwenye vichuguu. Anayemtaka akamtafute huko, amenona.