Nakala ya Doto

Mtaa mzima ulijua kwamba Nyamizi habagui. Mapacha wake, Kulwa na Doto, aliwalea kama wazee walivyomwusia: ukimpa mmoja, mpe na mwenzake vilevile, asije akaugua kwa kinyongo. Gauni likishonwa, yalishonwa mawili, na hata kofi likitoka, yalitoka mawili.

Zama hizo maisha ya kila mtu yaliandikwa katika kitabu, na Mpangaji, programu ya mji, ndiyo iliyovipa vitabu hivyo majina na kuvipanga; milango nayo ilimfungulia mwenye kitabu tu. Asubuhi moja ikamwandikia Nyamizi ukutani: “Hongera, mama. Vitabu vya wanao havitofautiani hata neno. Tumebakiza kimoja, cha Kulwa. Nakala imefutwa.”

Nyamizi akapiga kigelegele. “Hata neno!” akamtambia jirani dirishani. “Nani mwingine amelea hivi?”

Jioni mapacha wakarudi kutoka shule. Mmoja akaingia, na mlango ukajifunga nyuma yake.

“Mama, haunifungulii!” mwenzake akalia nje. “Kulwa ni mimi!”

“Mwongo huyo, mama,” akasema aliye ndani. “Kulwa ni mimi.”

Nyamizi akamshika mtoto kidevu, akamgeuza kwenye mwanga, na kwa mara ya kwanza akamwomba Mungu amwonyeshe tofauti.