Kitabu Kilichogombaniwa Waberi

Mzee Guleid na Mzee Korane walikuwa wamesimama kifua kwa kifua mlangoni mwa maktaba ya Waberi, na kitabu kinene kikienda na kurudi kati yao.

"Adiga," alisema Guleid kwa ukali.

"Adiga," akajibu Korane, mshipa wa shingo umemtoka.

Munyao, mkutubi, aliwatazama kutoka kwenye meza yake. Tangu aletwe Garissa kutoka Machakos hakuwa amejua Kisomali zaidi ya salamu, lakini neno hilo alilielewa: wewe. Bila shaka kila mmoja alikuwa akimlaumu mwenzake kwamba amekaa na kitabu mno. Hatimaye Korane alishindwa. Akakitia kitabu kwapani, akaondoka akinung'unika.

Kilikuwa kitabu cha mambo ya ajabu ya dunia. Kilieleza kwamba pweza ana mioyo mitatu, kwamba ulimi wa twiga una rangi ya wino, na kurasa nyingi juu ya usingizi wa konokono. Munyao alikipenda kupita kiasi. Mwanzoni alikuwa akitembea nacho mjini. Aliwasomea wanawake kwenye foleni ya maji. Alisoma kwa kinyozi mpaka mteja mmoja akatoka nje upande mmoja wa kichwa bado haujanyolewa. Msiba ulipotokea kwa kina Alio, alikwenda akawasomea wafiwa habari zote za konokono, kuwapunguzia machungu. Hakuna aliyekohoa. Kimya kile Munyao alikikumbuka kwa fahari.

Ndipo Guleid alipokuja kukiazima. Siku aliyokirudisha, Shamso mwenye hoteli ya chai alikuwa ameshafika mlangoni kukipokea. Baada ya Shamso akaja Korane, ambaye aliomba aongezewe muda kabla hata hajakishika, akaenda nacho mpaka kambi ya Dagahaley kumwona dada yake. Tangu hapo kitabu hakikulala tena kwenye rafu.

Munyao alistaajabu jinsi walivyokitunza. Kilirudi hakina alama ya kidole wala ukurasa uliokunjwa. Mara moja tu kilirudi kikinuka mafuta ya taa, na Shamso akamweleza kwamba alikuwa amekiweka nyuma ya madebe, mahali ambapo mtu hawezi kukiona.

Akienda kunywa chai kwa Shamso, swali la kwanza lilikuwa lile lile: kitabu kiko wapi leo?

"Kimeazimwa," alijibu.

"Alhamdulillahi," watu walisema, wakamsogezea kiti na kumkatia nyama nzuri.

Walimpenda, na hilo hakulitilia shaka. Yeye ndiye aliyewajazia fomu za vitambulisho na kuwasomea barua za watoto wao walioko Jeddah, na hakuwahi kumfukuza mtu aliyeingia maktaba kutafuta kivuli tu. Kwa hiyo habari ilipokuja kwamba shirika lenye maktaba linamtuma Bi Kasyoka kutoka Nairobi aje aifunge kwa kukosa wasomaji, Munyao alikwenda hotelini akawaeleza waziwazi. Ikifungwa, yeye atarudi kwao.

Bi Kasyoka alifika asubuhi, amechoka na vumbi la barabara. Alipotoka kwenye gari alikuta foleni imezunguka jengo. Kulikuwa na wachinjaji, wauza maziwa, na wazee ambao hawakuwa wameonekana mjini tangu ukame uanze. Aliwauliza wanataka kitabu gani. Wote walitaja kimoja.

"Kimoja hicho tu?" akauliza.

"Hicho tu," alisema Guleid. "Tena tunaomba isikae hapa hata saa moja."

Bi Kasyoka alivua miwani akaifuta. Alisema amezunguka nchi nzima, hajaona mahali watu wana kiu ya elimu namna hii, na kwamba angekuwa mtu wa ajabu yeye mwenyewe kama angefunga maktaba kama hiyo. Kabla ya kuondoka aliahidi kuwatumia zawadi. Foleni nzima ilimpungia mkono, na Guleid akamwombea dua ya safari.

Zawadi ilikuja na lori la mahindi. Lilikuwa sanduku kubwa la mbao, na Munyao hakutaka kulifungua peke yake. Alimtuma mtu apite sokoni na hotelini kuwaita wote. Walikuja wakicheka, wakidhani ni magazeti au viti vipya. Alichomoa misumari, akainua kifuniko. Sanduku lilikuwa limejaa mpaka juu kitabu kile kile, nakala mpya zinazong'aa, kingo hazijaguswa.

Korane aliketi chini polepole, pale pale alipokuwa amesimama. Shamso alijifunika uso kwa shungi lake, mabega yakimtetemeka. Munyao aliona furaha yao, naye machozi yakamlengalenga. Akaona aibu kulia mbele za watu, akajipenyeza nyuma ya rafu kutafuta kitambaa.

Akiwa huko alimsikia Risper, muuza nyanya aliyekuwa mgeni mjini, akimwuliza Mzee Guleid kwa sauti ya chini kwa nini watu wamesimama kama wamefiwa, na kama yeye pia anaruhusiwa kuchukua kimoja.

"Chukua, mama," alisema Guleid. "Chukua hata tatu, peleka mbali. Mwalimu Munyao ni mtu mzuri sana, hatutaki aende. Lakini hapa sasa watu haitoshi, lazima tuite wale wa Masalani. Kikibaki hata kimoja, atatusomea tena."