Mtumiaji wa Mwisho

Sheria haikuwa na utata: kifaa chochote cha kale ambacho mtumiaji wake wa mwisho amefariki ni mali ya makumbusho. Kwa hiyo Bi Mwanakombo hakuwa na wasiwasi binti yake Salha, mtafiti wa makumbusho hapo Tanga, alipomwomba mbuzi ya kukunia nazi aliyorithi kwa bibi yake na ambayo bado aliitumia mwenyewe.

"Nakwenda kuipima tu, mama. Mashine inasoma jasho lililoingia kwenye ubao, inamtambua kila aliyewahi kuikalia. Ijumaa nitairudisha."

Zikapita Ijumaa tatu. Bi Mwanakombo alichoka kupikia tui la pakiti, akajifunga buibui akaenda mwenyewe.

Aliikuta ndani ya kabati la kioo. Chini yake yaliandikwa majina ya wanawake wanne. La mwisho lilikuwa lake, na pembeni pameandikwa: marehemu.

Salha alikuwa akiwaonyesha wageni chumba cha pili. Mama yake akamvuta kando.

"Salha, mimi nimekufa lini?"

"Punguza sauti, mama. Ni maandishi tu. Ungekuwa hai wasingenikubalia niichunguze, na nchi nzima hakuna nyingine kama hii."

"Nimekuuliza, lini?"

Mlinzi alisikia, akasogea. "Kuna tatizo, daktari? Huyu mama ni nani?"

Salha alimtazama mama yake, kisha akawatazama wageni waliokuwa wakimsubiri.

"Simfahamu," alisema. "Anaulizia mlango wa kutokea."