Vitu Viendavyo Polepole

Ndege ya doria ilizunguka juu ya mji, na rada yake iliona hadi kilomita mia nne. Ndani, mbele ya skrini, Koplo Tunu alimtafuta kaka yake, ila rada haikumwona. Ndege ndogo aliyoirusha kaka huyo ilikuwa imepotea mawinguni tangu saa nane, na sasa mafuta yake hayakuzidi ya nusu saa.

"Atakuwa ameshaanguka, Koplo," Meja Kapufi alisema kwa upole.

"Hapana, afande. Upepo unampiga usoni, anakwenda polepole. Na rada tumeiambia ifiche kila kinachokwenda polepole."

"Tunaficha malori, binti. Ukiyafungulia, utakaa unayakagua mpaka kesho?"

"Nitayakagua, afande."

Meja alishusha pumzi. "Haya. Dakika tano, kisha turudi kuangalia mpaka."

Tunu alishusha kiwango cha mwendo ambacho rada huanzia kuonyesha vitu. Skrini ikajaa mamia ya nukta, zikifuatana barabarani kama siafu. Alizipitia kwa kidole, moja moja. Kaskazini kabisa, katikati ya milima isiyo na barabara, kulikuwa na nukta moja.

Ikazimika. Ikawaka. Ikazimika tena, na Tunu hakuondoa kidole chake kwenye kioo.